Bakuli Likirudi Tupu

Jumamosi ambayo mama yake alitimiza miaka themanini, Shangazi aliingia jikoni kwa kaka yake asubuhi akiwa na mfuko wenye jibini za aina tatu. Alivua viatu, akafunga aproni, akaosha vyombo ambavyo wifi yake alikuwa ameviacha kwenye sinki kwa bahati mbaya, maana wifi huyo bahati yake mbaya haikosi penye vyombo. Kisha akashika greta na kuanza kuikuna jibini ngumu. Aliikuna kwa upande wa matundu madogo. Matundu makubwa ni ya watu wenye haraka.

Shangazi alifanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa, idara ya jibini. Alishinda akizigeuza jibini kwenye rafu, kuzipangusa, na kuzigonga kwa kidole asikilize kama zimeiva. Nyumba hii ilimwita Shangazi kwa sababu watoto wa kaka yake walimwita hivyo. Watoto walikua, wakaoa na kuolewa, wakahama, jina likabaki nyuma kama kabati lisilopita mlangoni. Fundi bomba alimwita Shangazi. Kaka mwenyewe alimwita Shangazi, na hakuwahi kushtuka.

Alichokuwa anapika kilikuwa mchuzi mzito wa jibini, ule wa moto wa kuchovya vipande vya mkate na karoti kabla chakula chenyewe hakijafika mezani. Jina halisi la mchuzi huo hakuna aliyekuwa nalo. Wifi aliuita kianzio, kaka aliuita "ile kitu yetu", na wageni hawakuuita chochote kwa sababu midomo yao ilikuwa na kazi.

Alikaanga vitunguu kwa moto mdogo mpaka vikawa rangi ya kahawia, akatia saumu. Hoho aliibanika juu ya moto hadi ngozi ikaungua, akaimenya, akaikatakata. Halafu akakalisha sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, kwa maana jibini ni kama mkwe: ukiivamia kwa moto inakukatikia mbele za watu, ukienda nayo taratibu inalainika yenyewe. Alitanguliza jibini laini na krimu. Ikafuata ile ngumu aliyoichanganya na kijiko cha kornflawa, kisha haradali kidogo na pilipili manga. Akakoroga upande mmoja bila kubadilisha. Chumvi hakuweka. Chumvi ilikuwa ya mwisho, sufuria ikishateremka na kutulia, kwa sababu jibini ina chumvi yake na haisemi ni kiasi gani ikiwa bado inatokota. Mama yake alimfundisha hivyo kwenye vyakula vingine kabisa, wakati jibini ilikuwa kitu cha kuonekana dukani tu, na yeye akayahamishia maarifa huku.

Sasa, nyumba hii ilikuwa na sheria yake: mpishi hatoki jikoni mpaka bakuli lirudi tupu. Aliyeileta ni wifi, zamani, alipokuwa bado bibi harusi, na aliieleza vizuri sana. Bakuli likirudi tupu maana yake wageni wameridhika, na hapo mpishi anatoka, anapigiwa makofi, anakaa na wenzake, anapigwa picha. Ukiisikia hivyo utaipenda. Tatizo ni kwamba wageni wa nyumba hii walikuwa watu wenye adabu. Hakuna aliyetaka kuonekana anafuta bakuli. Walichovya wote vizuri, wakachovya, mpaka ukabaki ule wa chini unaotosha kipande kimoja cha mkate, na hapo wakaanza kusukumiana.

"Malizia wewe."

"Aa, mimi nimeshiba. Malizia wewe."

Bakuli lilikaa mezani na tonge lake la aibu mpaka wageni wakaaga. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo halikuwahi kurudi tupu, na Shangazi hakuwahi kutoka.

Ukuta wa sebuleni ulikuwa shahidi. Palikuwa na picha za harusi, za watoto kuhitimu, za kaka kupandishwa cheo, za kaka kushikana mikono na Mkurugenzi wake, za marehemu baba akiwa na tai. Shangazi hakuwepo hata kwenye moja. Kwenye picha ya harusi ya mtoto wa pili mlango wa jikoni ulionekana kwa nyuma, umefungwa, na yeye alijua kuwa yuko nyuma ya mlango ule, kwa hiyo ile aliihesabu kidogo kuwa ya kwake.

Hilo peke yake lisingemkosesha usingizi. Asiyekuwepo na lake halipo, na Shangazi alikuwa amelizoea la kwake lisiwepo. Lakini mama alianza kusahau. Mama aliishi hapa kwa kaka, na kila asubuhi alipitishwa mbele ya ukuta ule kama mtoto wa darasa la kwanza: huyu nani, na huyu je. Waliokuwa ukutani aliwataja bila kukosea. Wasiokuwepo walianza kumpotea kimya kimya, kama soksi. Zamani alimwita Shangazi "mwanangu". Baadaye ikawa "dada". Juzi juzi alimshika mkono kwa upole, akamwuliza, "Na wewe mama, ni wa nani?"

"Wa kwako," Shangazi alimjibu.

"Asante," mama alisema, kama mtu aliyeulizia saa na kutajiwa.

Ndiyo maana leo Shangazi alitaka kitu kimoja tu, nacho ni kuwemo kwenye picha. Mpiga picha alikuwa ameitwa makusudi, apige picha moja kubwa ya familia nzima, ya kutundikwa. Ingepigwa baada ya kianzio, kabla ya keki.

Wifi aliingia jikoni akiwa amevaa mkufu wa lulu ambao ulimlazimu atembee kama amebeba maji kichwani.

"Wifi, umefika wapi?"

"Nateremsha sasa hivi."

"Usiwe na madonge. Mkurugenzi wa kaka yako anakuja."

"Si siku ya mama leo?"

"Ni siku ya mama. Mkurugenzi anakuja kuiona."

Shangazi aliifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Wifi, leo kwenye picha nataka niwemo."

"Nani kakukataza? Sheria unaijua. Bakuli likirudi tupu, unatoka."

"Halijawahi kurudi tupu."

"Basi jitahidi kwenye mapishi," wifi alisema, akamnyooshea mkanda wa aproni begani kwa mapenzi kabisa, akatoka.

Shangazi aliteremsha sufuria, akasubiri. Mchuzi ulipotulia alichota tone kwa ncha ya mwiko, akalidondosha juu ya mgongo wa mkono wake wa kulia, akalionja. Akatia chumvi, akakoroga, akadondosha tone jingine palepale. Safari hii hakuwa na la kuongeza. Hakuweka kitu kingine chochote. Hilo alilisema baadaye kila alipoulizwa, ingawa hakuulizwa sana.

Wifi alikuja kulibeba bakuli mwenyewe, kwa mikono miwili, na mlango ukafungwa. Sauti yake ilisikika vizuri kutoka sebuleni.

"Karibuni kianzio. Nimekipika mwenyewe, toka asubuhi mgongo haujagusa kiti."

Mkurugenzi alichovya wa kwanza kwa sababu ya cheo. Mkate ulizama, ukatoka, na nyuma yake ukatoka uzi wa jibini, mwembamba, wa rangi ya siagi, kama ilivyo kawaida ya jibini. Aliupeleka mkate mdomoni na uzi haukukatika. Akarudisha kichwa nyuma, uzi ukarefuka. Akauzungusha kwenye kidole kama wafanyavyo watu waliosafiri, bado haukukatika. Basi akatafuna mkate wake, akaendelea na habari ya barabara mpya ambayo ilikuwa inakwisha tangu mwaka juzi.

Kila aliyechovya baada yake alipata uzi wake. Jirani wa ng'ambo alipata, mke wake akapata, kaka akapata. Wifi naye alionja, kwa kuthibitisha tu, na wa kwake ukawa mnene kuliko yote. Muda si mrefu sebule nzima ikawa na nyuzi kama karakana ya mashuka, na watu wakajipanga kuishi nazo.

"Samahani, naomba nipite chini ya wako."

"Pita tu, ndugu yangu. Angalia hapo kuna wa Mkurugenzi."

Jirani wa ng'ambo aling'iniza leso yake kwenye uzi wa mke wake, ipunge upepo. Uzi mmoja ulipanda ukutani hadi kwenye picha ya marehemu baba na kumwingia mdomoni, na yeye akaanza kutafuna. Wifi alikifuta kioo kwa tishu pale ulipogusa, kwa sababu kioo kile kilikuwa kimesafishwa asubuhi.

Aliyeona jambo la ziada ni mpiga picha, na kwake ilikuwa kazi, maana mtu wa kamera hulipwa kuona. Nyuzi hazikuishia kwenye bakuli. Zilipita juu ya ukingo wake, zikashuka kwa mguu wa meza, zikakusanyika fungu moja, zikapita kando ya kiti kikubwa alichoketi mama, zikaingia kwenye korido, na kuzama chini ya mlango wa jikoni.

"Mama mwenye nyumba," alimwambia wifi, "hizi zinakwenda wapi?"

"Jikoni. Si ndiko kuna jiko?"

Hakuna aliyeona kasoro kwenye jibu hilo. Mkurugenzi, kwa nia njema, alisema, "Lakini nilielewa umepika wewe."

"Nimepika mimi. Yule kule nimemwambia ashike tu."

"Ashike nini?"

"Nyuzi."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa ameongoza watu kwa muda mrefu na utaratibu wa namna hiyo aliufahamu.

Jikoni, Shangazi alisikia mvuto mdogo kwenye mgongo wa mkono, akatazama, akaona nyuzi zinaingia chini ya mlango, zinapanda mguu wa meza na kutua zote pale alipoonjea. Akapangusa kwa kitambaa. Zilibaki. Basi akavuta kigoda, akakaa, akamenya karoti kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiishikilia tu juu ya paja. Aliweza kumjua kila mtu kwa anavyotafuna. Kaka alitafuna upande mmoja kwa sababu ya jino ambalo hakuwa amemwambia mke wake. Mkurugenzi alitafuna kama anasaini. Jirani alikuwa amemeza zamani, anajifanya bado. Na palikuwa na mmoja aliyetafuna polepole, akatulia, akatafuna tena, na Shangazi akamtambua baba yake, ambaye uhai wake wote alikula kama mtu anayesoma gazeti. Akampa muda.

Uzi wa mama haukuwepo. Mama hakuwa amekula. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti kikubwa, amefungwa utepe begani, na kwa kuwa ndiye mwenye siku, kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ameshampelekea.

Mpiga picha alianza kupanga watu. Warefu nyuma, wanene pembeni, Mkurugenzi katikati. Nyuzi zilikatiza mbele ya nyuso. Wifi alileta mkasi. Aliukata uzi wa Mkurugenzi, ukaachana, ukashikana tena nyuma ya mkasi kama maji yanavyojirudia kisu kikitoka. Akajaribu kisu cha moto. Akajaribu ndimu.

"Acha tupige hivyo hivyo," kaka alisema. "Zitaonekana mapambo."

"Haya, mama asogee kidogo kulia," mpiga picha alisema, jicho likiwa kwenye kamera. "Mama yuko wapi?"

Kiti kikubwa kilikuwa na utepe peke yake.

Mama alikuwa koridoni. Fungu la nyuzi lilikuwa likimgusa miguu tangu alipokaa, na mwishowe alilishika, akasimama, akaanza kulifuata, mkono mbele ya mkono, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Kwapani alikuwa amebana bakuli lenye tonge lake la aibu. Alikuwa na njaa, na wote waliokuwa karibu na bakuli walikuwa wanaambiana "malizia wewe", kwa hiyo aliona halina mwenyewe.

Akausukuma mlango wa jikoni.

"Hizi nyuzi zako?"

"Zangu, mama."

"Zinanitekenya miguu." Alimtazama vizuri. "Na wewe ni wa nani?"

Shangazi alikuwa ameshajibu swali hilo kwa kila namna, kwa kicheko na kwa machozi, na majibu yote mama aliyapokea kwa shukrani na kuyasahau. Leo alimkalisha kwenye kigoda, akachota yaliyobaki kwenye sufuria kwa ncha ya mwiko, akadondosha tone juu ya mgongo wa mkono wa mama.

Mama aliliangalia kidogo. Kisha mkono ukapanda wenyewe, akalilamba, akafumba macho.

"Chumvi umetia lini?"

"Nilipoteremsha."

"Ulisubiri utulie?"

"Nilisubiri."

"Watoto wangu wote niliwafundisha hivyo," mama alisema, bado amefumba macho. "Wakanishinda. Wanatia chumvi kama wanakimbizwa na mbwa. Aliyesubiri mmoja tu. Na huyo naye, nikigeuka tu, kidole kimo ndani ya sufuria. Nikamwita Kidole."

"Ndiyo."

"Nilimchapa kwa hicho kidole."

"Cha kushoto. Cha kulia nilikificha."

Mama akafumbua macho. Akamwangalia kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguu isiyo na viatu, bila haraka.

"Kidole," alisema. "Mbona umezeeka?"

"Nimekusubiri, mama."

"Na huku unafanya nini, wenzako wako kule wanapigwa picha?"

"Bakuli halijarudi tupu. Mpishi hatoki mpaka lirudi tupu."

Mama alilitoa bakuli kwapani, akaliangalia ndani.

"Shida ni hiki tu?"

Wakakatiana ganda la mkate. Shangazi akafuta upande wake, mama akafuta wake, na palipobaki mstari mdogo pembeni mama akaupitisha kidole na kukilamba bila kumwangalia mtu. Hapohapo naye akapata uzi wake, mfupi kuliko wote, kama unaoshikilia vifungo viwili kwenye shati moja.

Walitoka pamoja. Shangazi aliinua mkono wake juu kidogo ili mama asijikwae, na fungu zima la nyuzi likainuka kutoka sakafuni, likawa juu ya vichwa, linang'aa kwa mwanga wa dirishani. Wifi alikuwa amesimama mwanzo wa korido na ndimu yake mkononi.

"Wifi, bakuli lakini—"

Mama aliligeuza bakuli juu chini mbele yake. Hakikudondoka kitu.

"Nimelilamba mimi," alisema. "Kuna mwenye neno?"

Sheria ilikuwa imetimia, na watu wale, kama ilivyokwisha kusemwa, walikuwa na adabu. Wakaanza kupiga makofi. Walipiga ya siku ile, halafu, kwa kuwa walikuwa na deni, wakapiga ya harusi ya mtoto wa kwanza, na ya mtoto wa pili, na ya mahafali, na ya kaka kupanda cheo, na ya mikusanyiko mingine midogo ambayo wenyewe walikuwa wameisahau lakini mikono yao iliikumbuka. Hilo lilichukua muda. Keki ilirudishwa kwenye friji, ikatolewa, ikarudishwa tena. Jirani wa ng'ambo alivua koti ili apige vizuri. Marehemu baba hakuwa na nafasi ya mikono kwenye fremu yake, akatikisa kichwa. Shangazi alisimama katikati ya sebule ambayo alikuwa akiifagia kwa miaka yote na hakuwahi kuiona ikiwa na watu, bila viatu, aproni ina doa la haradali, akayapokea yote, moja moja, hakuliruka hata moja.

Mama alikaa kwenye kiti kikubwa, na Shangazi akakaa kwenye mkono wa kiti, pale palipokuwa pamepangwa pa kaka. Kaka alisogea. Waliobaki mpiga picha hakuhangaika kuwapanga, kwa kuwa nyuzi ziliwavuta kidogo kidogo mpaka kila mmoja akapata mahali pake, na mahali pa Mkurugenzi pakawa pembeni kabisa, karibu na pazia.

"Tuangalie huku," mpiga picha alisema. "Shangazi, ukicheka zaidi ya hapo utaniharibia mwanga."

"Haribu tu," mama alisema.

Kamera ikawaka. Nyuzi zikakatika zote kwa pamoja, kila mtu akameza ncha yake, na mazungumzo ya barabara yakaendelea.

Picha ilikuja ikiwa kubwa na nzuri. Shangazi alikuwa katikati, mkono juu, nyuzi zinatoka kwake kwenda kwa kila mtu kama miali. Wifi aliupima ukuta wa sebuleni kwa shubiri, akaona hakuna nafasi. Nafasi ingepatikana kama ingehamishwa ile ya kaka na Mkurugenzi, lakini ile haikuwezekana kuhamishwa. Basi akaitundika jikoni, juu ya friji, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Familia, na mpishi.* Kaka alipoiona alisema, "Aa, lakini," akatafuta funguo za gari, akaenda kazini.

Kesho yake asubuhi mama alipelekwa mbele ya ukuta kama kawaida. Aliuangalia mara moja.

"Ile ya nyuzi iko wapi?"

Alipoambiwa, akaomba kiti chake kihamishiwe jikoni. Kiti hakikupita mlangoni. Shangazi alipotoka kiwandani jioni alikuja na bisibisi, akakifungua miguu, akakiingiza, akakifunga tena. Tangu hapo mama alishinda humo, na Shangazi alipopita kila jioni alimsikia kabla hajafungua mlango: "Kidole, umechelewa." Kisha mama aliisoma picha mwenyewe. "Huyu wangu," alianza na wa katikati. Kaka alimtaja. Mumewe, aliyeonekana ukutani kwa nyuma akiwa bado anatafuna, alimtaja na kumsalimu. Akifika pembeni alisimama.

"Na huyu mwenye mkufu, ni mgeni wa nani?"

"Wa kaka," Shangazi alimjibu.

"Anapendeza."

Kaka alipopandishwa cheo tena, wifi alipiga simu. "Wifi, Jumamosi uje mapema. Na ile kitu yako."

"Na sheria?"

"Sheria ni ileile. Ningeibadilisha mimi kama nani?"

Shangazi alikuja na jibini za aina tatu. Kwenye mlango wa jikoni, chini, alikuta wifi ameshamwita seremala akachonga kijitundu kizuri cha kupitishia nyuzi, ili zisichafue sakafu. Mchuzi ulienda, nyuzi zikaja kwa utaratibu, moja moja, zikatua kwenye mgongo wa mkono. Wageni walizipokea kwa ufasaha. Wengi walikuwa wameanza kuzishika kwa kidole kidogo, maana ilikuwa imeonekana kwamba ndivyo wanavyofanya watu wa heshima. Bakuli lilifika nusu, likafika robo, likafika kwenye tonge la aibu, likatulia hapo.

"Utamu huu," Mkurugenzi alisikika akisema. "Nani kapika?"

"Mimi mwenyewe," wifi alijibu. "Toka asubuhi mgongo haujagusa kiti."

Sebuleni wote wakaitikia kwamba kweli si kazi ndogo.

Jikoni, mama alikuwa amenyoosha miguu juu ya kigoda, anakula mkate wake.

"Kasema kapika nani?"

"Yeye."

Mama alimaliza kutafuna kwanza, kwa kuwa hakupenda kufanya mambo mdomo ukiwa umejaa. Kisha akanyoosha mkono, akalikusanya fungu lote la nyuzi kiganjani, akalivuta mara moja, taratibu, kwenda chini.

Sebuleni maneno yalikatika. Wageni wote, Mkurugenzi na wa ng'ambo na mke wake, na kaka, na wifi na mkufu wake, waliugeukia mlango wa jikoni, wakainama kwa pamoja, wakakaa hivyo kwa kitambo cha kutosha. Kisha wakanyooka, wakaweka sawa nguo zao, wakaendelea na habari za barabara.

Mama alilisikiliza lile fungu linavyolegea, akaliachia.

"Haya," alisema. "Nipe mkate mwingine, Kidole."